Kiharusi na mkono uliopooza: maswali ninayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Hapa Mwanza wengi huniita "daktari wa mazoezi", nami huitika. Maswali haya nimeulizwa kwenye korido za kliniki, ndani ya daladala za Kisesa, msibani, hata sokoni nikiwa nimebeba sato wangu mkononi. Nimeyaandika kama yalivyoulizwa.

Nianze na jambo moja la nyumbani kwetu. Bibi yangu mzaa mama alipooza mkono wa kulia kule Ukerewe, mimi nikiwa darasa la sita. Tulimpenda mno. Tulimlisha, tukamwogesha, tukamvisha, hata kikombe cha chai hatukumwacha akishike mwenyewe. Mkono ule ukagandia kifuani, vidole vikajikunja hadi kucha zikawa zinamchoma kiganja, na ulikaa hivyo mpaka siku tulipomzika. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilielewa kwamba ile huduma yetu ya upendo ilikuwa na sehemu katika kugandisha mkono wake. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi palepale: mwacheni mgonjwa afanye.

Kiharusi ni nini hasa, na kwa nini kimepiga upande mmoja tu?

Damu huulisha ubongo kama maji ya mfereji yanavyolisha majaruba ya mpunga. Mfereji ukizibwa na tope, majaruba ya mbele hukauka. Ukingo ukibomoka, maji humwagika yasipotakiwa. Kiharusi ni hivyo hivyo: ama mshipa wa damu wa ubongo umezibwa na bonge la damu, ama umepasuka. Kuziba ndiko hutokea zaidi.

Upande wa kushoto wa ubongo huongoza mwili wa kulia, na wa kulia huongoza mwili wa kushoto. Kwa hiyo aliyepooza mkono wa kulia ameumia ubongo upande wa kushoto, na mara nyingi maneno nayo humpotea, kwa sababu kwa watu wengi lugha inakaa huko.

Sasa sikilizeni hili vizuri. Mkono wenyewe hauna ugonjwa. Nyama yake, mifupa yake na viungo vyake vyote vizima. Aliyeumia ni mtoa amri. Tunachofanya kwenye utengamao, yaani tiba ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake, ni kuzifundisha sehemu za ubongo zilizobaki hai zichukue kazi ya ile iliyokufa, na ubongo haujifunzi kazi ambayo haujaombwa kuifanya.

Mzee alikuwa mzima kabisa jioni, asubuhi amepinda mdomo. Si mkono wa mtu huu?

Naelewa kwa nini watu hufikiri hivyo. Ugonjwa unaoingia usiku mmoja bila homa wala kikohozi unatisha. Lakini ukifuatilia, mara nyingi unakuta presha iliyokaa miaka mwilini bila kupimwa, au iliyopimwa na dawa zikaachwa baada ya mwezi "kwa kuwa imeshuka". Presha ilishuka kwa sababu ya dawa. Ukiacha dawa, inapanda tena, na presha haiumi mpaka siku inapoangusha mtu. Kisukari, sigara, pombe nyingi na magonjwa ya moyo nayo yamo. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwamba, ukilinganisha watu wa umri sawa, kiharusi kinashambulia zaidi mjini kuliko kijijini. Maisha ya kukaa, chumvi na presha yana mkono wake humo.

Sitagombana na imani ya mtu. Ninachoomba ni kimoja: msimpeleke mgonjwa kwa mganga kwanza, hospitali baadaye. Na msiruhusu achanjwe chale kwenye mkono uliokufa ganzi. Hasikii maumivu, na kidonda kikioza mtachelewa kujua.

Kikitokea, tufanye nini saa ile ile?

Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi moja. Uso ukipinda upande mmoja, mkono mmoja ukishuka, au maneno yakivurugika, tafuteni usafiri wakati huo huo kwenda hospitali kubwa yenye picha ya CT ya kichwa. Kwa kiharusi cha kuziba ipo dawa ya kuyeyusha bonge, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna damu iliyomwagika. Andikeni saa mliyomwona mara ya mwisho akiwa mzima, daktari ataiuliza. Msimpe aspirini nyumbani, maana kama mshipa umepasuka mtazidisha. Msimpe uji wala maji mpaka apimwe kumeza, kwa sababu koo nalo linaweza kuwa limelegea na chakula kikaingia kwenye mapafu.

Kwa ndugu wa Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikila muda wa wagonjwa. Wa visiwani bado mnategemea maji, kwa hiyo ninyi msisubiri "labda itapita yenyewe". Na hata ikipita yenyewe baada ya robo saa, nendeni. Hiyo ni onyo.

Mkono wa baba utarudi?

Hili ndilo swali la kwanza kwa kila familia, na huulizwa kwa sauti ya chini ili mgonjwa asisikie. Mara nyingi anasikia.

Hakuna mtu mwaminifu anayeweza kuahidi. Lakini zipo dalili za kutazama. Watafiti wa Uholanzi waliwafuata wagonjwa 188 na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Waliwaangalia ndani ya saa 72 za mwanzo kwa mambo mawili tu: je, anaweza kuusogeza mkono kutoka ubavuni kwa kutumia bega, na je, anaweza kunyoosha vidole hata kidogo? Walioweza yote mawili walikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa mkono kurudisha angalau kiasi fulani cha utendaji ifikapo miezi 6. Ambao hawakuweza lolote, uwezekano ulikuwa kama asilimia 25.

Soma namba hizo kwa utulivu. "Kiasi fulani" si mkono wa kushona cherehani kama zamani. Na asilimia 25 si sifuri. Mtu mmoja kati ya wanne si mtu wa kutupwa. Ndiyo maana siku za mwanzo namkagua mgonjwa vidole kimoja kimoja, na familia inanishangaa nikifurahia kidole gumba kilichotikisika. Kidole kile kina maana kubwa.

Sehemu kubwa ya kurudi hutokea katika miezi 3 ya kwanza, kisha mwendo unapungua. Unapungua, haufungwi kama mlango.

Kwa nini mguu umerudi lakini mkono bado?

Kwa sababu kazi zao hazilingani. Mguu ukipata nguvu ya kusimama na kusukuma, unatosha kutembea, hata kwa kuburuta. Mkono ili uchambue mchele unahitaji bega litulie, kiwiko kinyooke, kifundo kiinuke na vidole vitano vifanye kila kimoja lake. Pia mguu hulazimishwa: huwezi kwenda chooni kwa mguu mmoja, kwa hiyo mguu mgonjwa unapata mazoezi kila siku utake usitake. Mkono mgonjwa una ndugu mzima pembeni anayefanya kila kitu. Mgonjwa huzoea kuuacha, na ubongo nao unausahau.

Tuanze mazoezi lini?

Mapema, lakini si kwa pupa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 2,104 katika nchi kadhaa, uliwalinganisha walioinuliwa na kusimamishwa kwa wingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza na wale waliopata huduma ya kawaida. Waliosukumwa sana mapema mno walipata matokeo mabaya kidogo zaidi baada ya miezi 3. Kwa hiyo siku ya kwanza tunageuza, tunapanga viungo vizuri, tunakalisha kwa muda mfupi kadiri daktari anavyoruhusu. Kuanzia siku ya pili au ya tatu, presha ikiwa imetulia, kazi inaanza polepole na inaongezeka.

Kosa ninaloliona zaidi mitaani ni la upande wa pili: mgonjwa anaruhusiwa, anarudi nyumbani, analazwa "apumzike mpaka apate nguvu". Nguvu haziji kwa kulala.

Bega linamuuma usiku kucha, na limeshuka. Tumefanya nini?

Inawezekana hamkufanya kitu, na inawezekana mmelivuta. Bega ni kiungo kilichoshikiliwa na misuli zaidi kuliko mifupa. Misuli ikilegea, mkono unaning'inia kwa uzito wake, na bega linashuka kutoka kwenye nafasi yake. Hapo sasa anakuja kijana mwenye nguvu, anamshika babu mkono uliopooza na kumvuta asimame. Au wawili wanampakia kwenye bajaji kwa kumshika makwapani. Bega linaumia, na bega linalouma mgonjwa hakubali liguswe, na mkono usioguswa haurudi.

Shikeni haya. Msimvute kwa mkono mgonjwa, kamwe. Kumwinua, simama mbele yake upande ulio dhaifu, mshike kiunoni kwa mkanda au kanga iliyofungwa imara, mwambie ainame mbele, "pua ipite vidole vya miguu", kisha asimame. Akikaa, mkono ukae juu ya mto au meza, usining'inie. Akilala ubavu wa upande mzima, mkono mgonjwa uwekewe mto mbele yake. Akilala upande mgonjwa, ambayo ni sawa na inamsaidia kuhisi upande ule, bega livutwe taratibu mbele ili asililalie. Mkanda wa shingoni wa kubebea mkono utumike akisimama au kutembea tu, usivaliwe kutwa, kwa maana mkono uliofungwa kifuani hujifunza kukaa kifuani.

Na ile kamba juu ya mwembe! Nimeikuta kwenye nyua nyingi, Igoma, Buhongwa, Nyakato: kamba imepitishwa juu ya tawi, mgonjwa anavuta kwa mkono mzima ili uliopooza uinuke juu. Wanaoifunga wana nia njema kabisa. Lakini inalazimisha bega lililolegea kwenda juu bila mfupa bapa wa nyuma ya bega kulifuata, na ni moja ya njia za uhakika za kuleta maumivu ya bega. Ifungueni.

Mazoezi gani yanarudisha mkono?

Kazi. Hilo ndilo jibu refu na fupi.

Kunyoosha viungo kunazuia kuganda, na ni lazima kila siku, lakini kunyooshwa na mtu mwingine hakumfundishi ubongo kusogeza. Mgonjwa mwenyewe ajaribu, kwa kitu halisi, kwa lengo analolijua. Nilikuwa na mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, pale Kirumba. Kliniki alikuwa anasogeza vile vipande vya mbao vya mazoezi kwa unyonge, mara kumi amechoka. Siku moja mwanawe alikuja na dagaa kwenye ungo. Yule mama akaanza kuchambua, kutoa kokoto na vichwa vilivyokatika, na mkono mgonjwa ukaingia kazini kabla hatujamwomba. Hatukuhesabu, ila ilipita mia.

Idadi ina uzito. Watafiti wa Amerika ya Kaskazini walihesabu wagonjwa wa kiharusi hufanya mara ngapi mazoezi ya vitendo ya mkono ndani ya kipindi kimoja cha tiba, wakachapisha mwaka 2009: wastani ulikuwa mara 32. Wanyama wa maabara, ambao ubongo wao ulionekana kubadilika, walifanya mamia kwa siku. Mara 32 kliniki, kisha siku tatu za kukaa, haitoshi. Mamia yanapatikana nyumbani.

Kwa mkono ulio dhaifu sana: uwekwe mezani juu ya kitambaa kikavu, mgonjwa ausukume mbele na kuurudisha, kama anayefuta meza. Ushike sahani isiteleze wakati mkono mzima unakula. Uzuie sufuria mkono mzima ukisonga ugali, moto ukiwa umeshazimwa. Ushikilie kanga upande mmoja wakati wa kukunja.

Kwa mkono wenye vidole vinavyofunguka kidogo: kuhamisha maharage kutoka bakuli moja kwenda jingine, kisha mchele, ambao ni mgumu zaidi. Kumenya viazi vilivyochemshwa. Kufungua na kufunga kifuniko cha chupa. Kuhesabu sarafu, kubonyeza namba za simu, kufunga vifungo. Baba mvuvi apewe wavu na sindano yake ya kushonea. Kushona nyavu kunadai vidole vyote, na yeye anajua akikosea wapi.

Kanuni yangu: kazi iwe ngumu kiasi kwamba anakosea mara chache, lakini anaweza. Rahisi mno haifundishi, ngumu mno inamvunja moyo. Vipindi vifupi vingi kwa siku vinashinda saa nzima moja.

Nimesikia wanafunga mkono mzima ili mkono mgonjwa utumike. Ni kweli?

Ni kweli, na ina ushahidi mzuri, ila si ya kila mtu. Chanzo chake ni kazi za mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi. Walivaa glavu nene kwenye mkono mzima sehemu kubwa ya saa walizokuwa macho, kwa wiki 2, huku wakifanya mazoezi ya mkono mgonjwa saa nyingi kila siku ya kazi. Mkono mgonjwa uliboreka kuliko wa wenzao waliopata huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo.

Sharti lake: mgonjwa awe tayari anaweza kuinua kifundo na kunyoosha vidole kiasi. Kumfunga mkono mzima mtu ambaye mkono mwingine haufanyi lolote ni kumtesa. Nyumbani tunatumia soksi nene kwa saa mbili tatu, wakati wa kazi iliyopangwa, akiwa amekaa. Soksi ivuliwe karibu na jiko, kwenye maji, na kila anapotembea, kwa sababu akijikwaa atahitaji kushika.

Na kioo?

Kioo nacho kinasaidia, hasa kwa mkono ambao bado hausogei. Weka kioo cha kawaida kisimame mezani katikati ya mikono miwili. Mkono mgonjwa uwe nyuma ya kioo, usionekane. Mzima uwe mbele. Mgonjwa atazame kioo huku akifungua na kufunga mkono mzima. Macho yanaona kama mkono uliopooza ndio unafungua. Robo saa hadi nusu saa kwa siku, chumba kikiwa na utulivu. Wengine mwanzoni hulia wakiona "mkono wao" ukitembea. Mwacheni alie, kisha aendelee.

Vidole vimekunja ngumi. Tumpe mpira wa kuminya?

Kila familia imenunua huo mpira. Fikirieni: vidole tayari vinajifunga vyenyewe, kwa sababu ubongo umepoteza breki ya misuli ya kukunja. Kilichopotea ni kufungua. Kuminya kutwa kunafanyia mazoezi kile kilichobaki na kuacha kile kilichopotea. Mimi napendelea afanye zoezi la kuachia: ashike kikombe cha plastiki, kisha akiachie mezani taratibu.

Kufungua ngumi iliyokaza, usianze kwa kuvuta ncha za vidole. Kunja kwanza kifundo cha mkono kwa ndani, vidole vitalegea, toa kidole gumba nje, kisha fungua vingine, halafu urudishe kifundo taratibu kikiwa kimenyooka. Osha kiganja na ukikaushe kila siku, kata kucha. Kukaza kukizidi, zipo dawa, na ipo sindano ya botulinamu inayolegeza msuli kwa miezi michache. Hulegeza, hairudishi nguvu. Bila mazoezi ndani ya miezi hiyo ni fedha iliyopotea.

Kumkanda kwa maji ya moto na mafuta kunasaidia?

Mafuta na mikono ya mtu anayekupenda hutuliza, na ngozi hubaki laini. Sikatazi. Maji ya moto ndiyo naogopa. Nimetibu watu wenye malengelenge kutoka kwenye bega hadi vidole, kwa sababu mkono haukusikia joto na mkandaji alidhani "moto zaidi ndiyo dawa". Maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya, yawe vuguvugu. Na kukanda kusichukue nafasi ya kazi. Mkono uliokandwa saa nzima umepokea tu, haujafanya.

Tunaishi mlimani Mabatini, ngazi ni mawe matupu. Atapandaje?

Wenyeji wa Mabatini, Igogo na Bugarika mnajua ninachokutana nacho nikija huko. Fimbo ishikwe kwa mkono mzima, urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama na viatu. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, fimbo na mguu mgonjwa vinatangulia. Msaidizi akae upande dhaifu, awe chini yake wakati wote: nyuma akipanda, mbele akishuka.

Kandambili ziwekwe kando, ni mtego. Avae kiatu chenye mkanda wa nyuma. Nyayo zikiburuta kwa sababu mguu hauinuki mbele, ulizeni kliniki kuhusu kishikizo cha plastiki cha kifundo cha mguu. Choo cha kuchuchumaa kinawashinda wengi; fundi seremala anaweza kutoboa kiti cha mbao imara na kukiweka juu ya tundu, na kipande cha bomba ukutani kikawa cha kushika. Na safari ya chooni usiku iwe na taa.

Kliniki ni mbali, tunafika mara moja kwa mwezi. Ndugu wanatosha?

Nitasema ukweli wote. Utafiti mkubwa wa India uliochapishwa mwaka 2017, wenye wagonjwa 1,250, uliwafundisha wanafamilia kufanya utengamao nyumbani, na baada ya miezi 6 matokeo hayakuwa bora kuliko ya wale wa huduma ya kawaida. Kwa hiyo familia peke yake si mbadala wa mtaalamu, na asiwadanganye mtu.

Lakini mtaalamu wa mara moja kwa mwezi peke yake naye si kitu. Kinachofanya kazi kwa wagonjwa wangu wa mbali ni mazoezi machache, matatu au manne, yaliyochaguliwa kwa huyo mgonjwa, familia ikiyafanya mbele yangu mpaka niridhike, kisha yanarekodiwa kwenye simu. Daftari lenye mstari kwa kila siku. Ziara inayofuata tunabadilisha, kwa sababu zoezi la mwezi uliopita likishakuwa jepesi limekwisha kazi.

Haoni chakula cha upande wa kushoto, anagonga milango. Macho?

Huenda si macho. Ubongo wa kulia ukiumia, mtu anaweza kuupuuza upande wa kushoto kana kwamba haupo: anakula nusu ya sahani, ananyoa nusu ya ndevu. Si ukaidi. Ukae kushoto kwake unapozungumza naye, umguse mkono wa kushoto, umkumbushe kugeuza shingo. Barabarani asiachwe peke yake.

Analia ovyo, hataki mazoezi. Amekuwa mvivu?

Msitumie neno hilo. Karibu mtu mmoja kati ya watatu hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kiharusi, na uchovu wake si wa kawaida. Ubongo uliojeruhiwa huchoka kwa kazi ndogo. Wengine hulia au kucheka bila kutaka, kwa sababu ya jeraha lenyewe. Mwambieni daktari, inatibika. Mazoezi yawe asubuhi akiwa na nguvu. Na mpeni kazi yenye heshima. Mzee aliyekuwa anaendesha nyumba, leo anaambiwa "inua mkono, shusha mkono" na mjukuu! Mwombeni achambue mboga ya jioni hiyo, muile, mumshukuru.

Kuhusu "dawa ya kurudisha mkono": fluoksetini, ambayo ni dawa ya sonona, ilitumainiwa sana. Uingereza ilijaribiwa kwa wagonjwa 3,127, matokeo yakatoka mwaka 2018: haikuboresha utendaji, na waliovunjika mifupa waliongezeka. Kama ana sonona, daktari ataamua. Kama ni kwa ajili ya mkono, msinunue.

Ni mtoto wa miaka saba. Watoto nao hupata kiharusi?

Hupata, na Kanda ya Ziwa tuna sababu kubwa: selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Seli za damu zenye umbo la mundu huharibu na kuziba mishipa ya ubongo. Mtoto mwenye selimundu awe kwenye kliniki yake bila kukosa. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza hatari hiyo. Mazoezi ya mkono kwake yawe mchezo: kete, udongo wa kufinyanga, kudaka mpira kwa mikono yote miwili.

Miaka miwili imepita. Bado kuna haja?

Ndiyo. Usitarajie mwendo wa miezi ya kwanza, lakini mkono uliokaza unaweza kulegea, bega linaweza kuacha kuuma, na mkono uliokuwa haufanyi lolote unaweza kuwa msaidizi, wa kushikilia mkate wakati mwingine unakata. Mkono msaidizi ni mali. Na mwanzo wa kila ziara ni presha na dawa, maana kiharusi cha pili hufuta tulichojenga.

Atarudi ziwani?

Wake wa wavuvi huniuliza wakiwa nje ya mlango. Kuvua dagaa usiku kwa taa, mtumbwi ukiyumba, kunataka mizani ya mwili na mikono miwili ya kuvuta kamba. Akianguka majini na mkono mmoja, hataogelea. Mpaka aweze kusimama kwa mguu mgonjwa bila kushika na kuvuta uzito kwa mikono yote, namzuia. Lakini ufukweni kuna kazi: nyavu, kuanika, hesabu, kupanga wafanyakazi. Wapo waliorudi kwa njia hiyo, na kwa hao mkono uliendelea kupata kazi kila siku.

Tukija kliniki, tuje na nini?

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure zote zina wataalamu wa fiziotherapia. Walio wilayani waanzie hospitali ya wilaya na kuomba rufaa. Njooni na karatasi za hospitali, dawa zote anazomeza zikiwa kwenye pakiti zake, na kadi ya bima kama ipo. Avae nguo pana, shati la vifungo. Mvisheni mkono mgonjwa kwanza, na kumvua uwe wa mwisho. Leteni kitu kimoja cha kazi yake, wavu, ungo, mkasi wa kushonea, chochote. Na asije tu yule mwenye gari. Aje pia yule anayeshinda naye nyumbani, hata kama ni binti wa darasa la sita.